KETI KWANZA, UFANYE HESABU

Somo: Luka 14:28–30



Bwana wetu Yesu alilelewa katika nyumba ya seremala, na alipofundisha alipenda kusema mambo ya kazi: kulima, kuvua, kuchunga, kujenga. Katika sura ya 14 ya Injili ya Luka anatueleza habari za mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo, kabla ya kuchimba msingi, yampasa kuketi na kuhesabu kama mali aliyo nayo itamfikisha mwisho. Asipofanya hivyo ataishia kwenye msingi, na wapita njia watamcheka. Twajua kwamba Bwana alikuwa akisema habari za kumfuata yeye, ili mtu asiingie katika uanafunzi kwa pupa. Lakini mfano wenyewe ulikuwa wa kweli, na waliomsikia walijua kwamba mjenzi mwenye akili huhesabu. Basi kuhesabu si kukosa imani. Ni Bwana mwenyewe anayetuambia tuketi na tuhesabu.

Nimelichagua somo hili kwa ajili ya vijana wetu wanaokwenda vyuoni, na kwa ajili ya wazazi wanaowalipia. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi wa Julai. Baada ya hapo kijana wa miaka 19 au 20 huchagua kozi katika siku chache, mara nyingi kwa kufuata rafiki au kwa kusikia jina zuri. Baba naye hutafuta mnunuzi wa misindano. Sisi wa Ipelele twajua maana ya jambo hilo. Msindano unataka miaka 15 au zaidi ili utoe mbao za maana. Shamba lililopandwa siku mtoto alipokuwa akijifunza kutembea hukatwa siku moja, likawa ada. Miti iliyokua miaka 15 hulipia kozi iliyochaguliwa kwa dakika 15. Je, mjenzi huyu ameketi kwanza?

Sisi watu wa Makete tunasifiwa kwa biashara. Maduka ya Wakinga yapo Njombe, yapo Makambako, yapo Mbeya, na Kariakoo watu wanatujua. Mfanyabiashara wa kwetu hawezi kushusha katoni moja dukani kabla ya kuuliza: nani atanunua? Inatoka upesi au italala? Nikikopa mtaji, nitarudisha lini? Maswali haya hatujifunzi shuleni, tumenyonya nayo. Lakini mtu huyo huyo anapomsomesha mwanawe, maswali yote huyasahau. Husema tu, "Mwanangu yuko chuo." Ukimwuliza anasoma nini, hajui. Ukimwuliza kozi hiyo inampeleka kwenye kazi gani, anasema Mungu atajua. Ndugu zangu, Mungu anajua, lakini ametupa na sisi akili tupate kuuliza.

Basi tuseme ukweli ambao wakati mwingine tunaona haya kuusema kanisani. Kozi hazilingani. Kusoma ni kuzuri daima, lakini kila kisomo kina mlango wake, na milango haifunguki sawasawa. Kwanza kuna tofauti ya ngazi. Mwalimu wa Serikali mwenye cheti huanza daraja la TGTS B, mwenye diploma TGTS C, mwenye shahada TGTS D. Kila ngazi ya masomo ina mshahara wake. Lakini kuna tofauti nyingine kubwa zaidi, nayo ni ya somo lenyewe. Vijana wawili wanaweza kutoka chuo kimoja na shahada ya ualimu, mmoja akiwa amesomea fizikia na hisabati, mwingine historia na Kiswahili. Wakiajiriwa wote wawili, mishahara yao ya kuanzia itakaribiana. Tofauti ipo mlangoni: yule wa fizikia anatafutwa, na yule wa historia anasubiri katika foleni ndefu. Kwa hiyo anayeuliza tu, "Kazi hii inalipa kiasi gani?" ameuliza nusu ya swali. Nusu ya kwanza ni hii: "Mlango upo? Na nani anaufungua?"

Tena mlango wa leo huenda usiwe mlango wa kesho. Historia ya ualimu katika nchi yetu inatufundisha hivyo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba kufikia mwaka 1977 watoto wote waingie shule ya msingi. Walimu wakatakiwa kwa maelfu, hata waliomaliza darasa la saba wakafundishwa kazi huku wakifundisha. Miaka ilipita. Kuanzia mwaka 2004 ulikuja mpango wa sekondari, shule za kata zikajengwa kila mahali, na walimu wakatakiwa tena. Mwaka 2005 vyuo vya Chang'ombe na Mkwawa vikafanywa vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ili kuwafundisha walimu, na mwaka 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Siku zile mzazi aliyemshauri mwanawe asome ualimu hakukosea, kwa maana aliyehitimu alipangiwa kituo bila kuzunguka na bahasha. Lakini mwaka 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya kwa muda ili kuwahakiki watumishi. Kijana aliyeingia chuo wakati mlango u wazi alitoka akaukuta umefungwa. Mwaka 2023 Serikali ilipotangaza nafasi 21,200 za walimu na watumishi wa afya, ambazo 13,130 kati yake zilikuwa za walimu, waombaji walizidi laki moja. Vijana wale si wavivu, wala hawakuwa wajinga. Walihesabu kwa bei ya siku ile, na bei ikabadilika.

Wenye kusafiri kwenda Makambako wanaweza kuliona jambo hilo kwa macho yao katika reli ya TAZARA. Ilipokabidhiwa mwaka 1976 ilikuwa imejengwa ili iweze kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, na kijana aliyejifunza kazi za reli alihesabiwa kuwa amefika. Lakini katika mwaka wa 2014/15 reli ile ilibeba chini ya tani laki moja. Kama reli ya chuma yaweza kupungukiwa kazi, sembuse cheti cha karatasi?

Tena kuna gharama zinazojificha. Wengi hupenda sheria, kwa sababu wakili huvaa vizuri na huheshimiwa. Hata chuo kikuu chetu cha kwanza, kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, kilianza na sheria, kwa kuwa nchi changa ilihitaji wanasheria. Lakini siku hizi shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Sharti apite tena katika Shule ya Sheria kwa Vitendo. Mwaka 2022 taifa zima lilishangaa kusikia kwamba kati ya wanafunzi 633 wa shule hiyo, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Anayetaka udaktari naye ajue kwamba ni miaka 5 darasani na mwaka mmoja wa kufanya kazi chini ya usimamizi hospitalini. Sisemi haya ili kumvunja mtu moyo. Nasema ili anayejenga ajue mnara wake una ghorofa ngapi.

Mkopo nao una hesabu yake. Bodi ya Mikopo imewafikisha vyuoni watoto wengi wa maskini, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mkopo si sadaka. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Ni kweli kwamba mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa, nao ni unafuu mkubwa. Hata hivyo deni lipo. Mithali 22:7 inatukumbusha hali ya mtu mwenye kukopa mbele ya aliyemkopesha. Mzazi asimwambie mwanawe, "Saini tu, Serikali italipa." Atakayelipa ni yeye.

Ndugu, mpaka hapa nimesema kama mwenye duka. Sasa nataka niseme kama Mkristo, maana tukiishia hapa tutakuwa tumefundisha nusu nyingine tu ya ukweli. Bwana alisema mjenzi ahesabu. Hakusema ajenge chochote kinacholeta fedha. Mnara una kazi yake. Katika shamba la mizabibu mlinzi alipanda mnarani apate kuwaona wezi na wanyama, ili mavuno ya watu yasipotee. Mnara usiomlinda mtu yeyote ni mnara wa Babeli, nao tunajua uliishia wapi.

Kanisa letu la Anglikana katika nchi hii lilitokana kwa sehemu na watu wa vyuo vikuu. Mwaka 1857 David Livingstone alihutubia Cambridge, na kutokana na hotuba zake ikaundwa misheni ya vyuo vya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la UMCA. Mmoja wa maaskofu wake alikuwa Edward Steere. Huyu alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha London na kupata udaktari wa sheria, na kwa hesabu ya kwao angaliweza kukaa Uingereza akavuna mshahara wa wakili. Alikuja Unguja. Huko akajifunza Kiswahili mpaka akakiandikia kitabu cha sarufi, akafanya kazi ya kupiga chapa, akatafsiri Maandiko. Tena mahali pale Mkunazini palipokuwa soko la watumwa alisimamia mwenyewe ujenzi wa kanisa kuu, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873. Je, sheria aliyoisoma ilipotea? Hapana. Akili iliyozoezwa kupima maneno ya sheria ndiyo iliyopima maneno ya lugha yetu. Kozi humpa mtu chombo mkononi, na Mungu anaweza kukitumia chombo hicho kwa kazi ambayo chuo hakikuifikiria.

Wala tusiende mbali mpaka Unguja. Hapa Makete twakumbuka miaka ya UKIMWI ilivyokuwa. Utafiti wa mwaka 2011–12 ulionyesha kwamba mkoa wa Njombe ulikuwa na kiwango cha maambukizi cha asilimia 14.8, kikubwa kuliko mikoa yote ya Tanzania. Bibi wengi walizika watoto wao wakaanza upya kulea wajukuu. Siku zile wauguzi na matabibu walikaa huku kwenye baridi na barabara za tope, wakapima, wakatoa dawa, wakafunga vidonda. Mshahara wao haukuwa wa kutamanisha mtu. Kama kila mmoja wao angehesabu fedha peke yake, angehamia mjini. Wapo leo watoto wanaokwenda vyuoni kwa sababu mtu fulani aliyesomea uuguzi hakuhama.

Tukumbuke pia mwaka 1966. Mwezi Oktoba mwaka ule wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kwamba katika muda wa utumishi wangepata asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na siku ile ile akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu wanaweza kubishana kama adhabu ile ilikuwa kali mno. Lakini swali lililokuwa chini yake halijazeeka: elimu ya msomi imelipwa na nani? Imelipwa na mkulima asiyesoma. Basi katika hesabu ya mnara lazima mkulima huyo naye awemo.

Kwa hiyo, wazazi na vijana, kabla ya kujaza maombi, na kabla ya shoka kugusa msindano, ketini pamoja mezani mwulizane mambo haya. Kwanza, chuo chenyewe na kozi yenyewe vimetambuliwa? Vyuo vikuu viko chini ya TCU, na vyuo vya kati na vya ufundi viko chini ya NACTVET. Kuuliza ni bure, kutapeliwa ni ghali. Pili, nani huwaajiri watu wa kozi hii, na je, mtu anaweza kujiajiri kwayo mlango wa ofisi ukifungwa? Tatu, gharama yote ni kiasi gani, si ada tu, bali chumba, chakula, nauli, na miezi ya kusubiri kazi? Nne, ndugu zake waliobaki watasoma kwa nini? Tusikate shamba lote kwa ajili ya kijana mmoja wa kiume, halafu tukamwambia dada yake kwamba miti imekwisha. Tano, kazi hii unaipenda kiasi cha kuifanya vema hata siku ambayo hakuna anayekusifu? Mtu asiyependa wagonjwa asiende uuguzi kwa sababu ya ajira, atawatesa watu na nafsi yake.

Wala tusidharau ufundi. Tangu mwaka 1994 nchi yetu ina VETA, na tangu mwaka 2024 sekondari zetu zimeanza kuwa na mkondo wa amali. Bado wapo wazazi wanaouona ufundi kuwa ni wa walioshindwa. Someni Kutoka sura ya 31. Hapo Mungu anamtaja Bezaleli kwa jina, naye alijazwa Roho wa Mungu ili afanye kazi ya dhahabu, shaba, mawe na miti. Mtume Paulo alikuwa msomi mkubwa, mwanafunzi wa Gamalieli, na bado alishona mahema Korintho ili asiwalemee watu. Aliyesoma na tena ana ufundi mkononi ana milango miwili.

Sasa nimefika kwenye neno ambalo naliona ni zito kuliko yote. Bwana anasema kwamba mjenzi aliyeshindwa kumaliza huchekwa na wapita njia. Je, wapita njia hao ni akina nani? Ndugu zangu, ni sisi. Kijana amehitimu, ameomba kazi mwaka mmoja, miwili, mitatu, hajapata, amerudi nyumbani. Anashika jembe. Nasi tukipita barabarani twasema, "Msomi karudi kuchimba viazi." Watoto wetu wamelisikia neno hilo. Wapo wanaokaa mjini na njaa, wakidanganya kwa simu kwamba wana kazi, kwa sababu wanaogopa vicheko vya Ipelele kuliko njaa ya Dar es Salaam. Wapo waliovunjika moyo kabisa. Kicheko hicho ni dhambi, nasi inatupasa tukiache.

Msingi uliojengwa si kitu cha kuchekwa. Anayepita akacheka na anayepita akaleta tofali wameuona msingi ule ule. Kijana wetu aliyesoma uhasibu anaweza kukaguza vitabu vya chama cha akiba na vya kanisa letu. Aliyesoma kilimo anaweza kutuambia kwa nini viazi vyetu vinaungua kabla ya kukomaa. Aliyesoma historia na hana shule, tumpe watoto wa jioni awafundishe, na tumlipe, hata kama ni kwa debe la viazi na kitu kidogo. Maana Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema kwamba ujira wa mfanyakazi ukizuiliwa unalia, na kilio chake kinafika masikioni mwa Bwana. Tusiseme "ni mtoto wetu" ili tumfanyishe kazi bure.

Naliomba pia Baraza la Parokia lifikirie jambo moja. Mwezi wa Juni, kabla matokeo hayajatoka, Jumapili moja baada ya ibada, tuwaite watoto wa parokia yetu walio kazini, na wale wasio na kazi pia. Muuguzi aseme kazi yake ilivyo, fundi umeme aseme, mwalimu aseme, mwenye duka Makambako aseme. Waseme walisoma miaka mingapi, walitumia fedha kiasi gani, walisubiri muda gani, na wangemshauri nini mdogo wao. Umoja wa Akina Mama wakipika chai, vijana watakaa wasikilize. Hiyo ndiyo njia yetu ya kuketi kwanza, si kila nyumba peke yake gizani, bali kanisa zima pamoja, kwa mwanga.

Nanyi vijana, chagueni kwa macho yaliyo wazi. Ulizeni habari za mshahara bila haya, kwa maana Bwana mwenyewe alisema kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Lakini mkiisha kuuliza mtalipwa nini, ulizeni na swali la pili: nitamlinda nani kutoka juu ya mnara huu? Atakayejibu maswali yote mawili, hata mlango wa kwanza ukifungwa, hatakuwa mtu aliyepotea. Atakuwa mjenzi anayengoja tofali.

Mungu awape wazazi hekima, vijana ujasiri, na sisi sote midomo isiyocheka. Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Amina.